Kodi ya nyumba niliyoiita mbegu

Mwaka 2019 nilichukua kodi ya nyumba ya miezi miwili, shilingi 12,000, nikaitoa sadaka na kuiita mbegu, nikitarajia Mungu anirudishie zaidi. Naanza na hilo kwa sababu vijana wa kanisani huniuliza imani ni nini hasa, na mimi sina cheti cha theolojia. Nina kosa langu tu.

Nilikuwa karani kwenye yadi ya makontena upande wa Changamwe. Reli mpya ilipoanza kuyabeba makontena kutoka bandarini moja kwa moja hadi Nairobi, malori yalizidi kupungua getini, mpaka siku moja tukaitwa watu kumi na mmoja ofisini, kila mmoja akapewa bahasha yake. Hapo ndipo nilipoanza kukesha kwenye maombi ya mhubiri mmoja aliyefundisha kwamba imani ni nguvu: ukiikaza vya kutosha, mbingu hazina budi kufunguka. Usiku mmoja akasema, "Kuna mtu humu ana pesa ya kodi mfukoni, na Bwana anaitaka." Mwili ulinisisimka. Nilijua ni mimi. (Leo nakumbuka kwamba ilikuwa tarehe mbili ya mwezi. Nusu ya waliokuwa mle ndani walikuwa na pesa ya kodi mfukoni.)

Kazi haikuja. Nilipomrudia, alinijibu kwamba mbegu ilikuwa nzuri ila mimi nilikuwa na shaka. Jibu hilo liliniumiza kuliko ile bahasha. Nikawa kila asubuhi najikaza kama mtu anayejitwika gunia la mchele, nasema naamini, naamini, huku nikijichungulia moyoni kuona kama shaka imeondoka. Haikuondoka.

Nilikwenda kwa mama, Kisauni, si mbali na Kengeleni, pale penye kengele ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari waliwajengea watumwa waliokombolewa katika miaka ya 1870. Alikuwa akichambua mbaazi kwenye ungo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Kwani hizo pesa zilikuwa zako?"

Nikanyamaza.

"Kodi ni ya mwenye nyumba, mwanangu. Kwako ilikuwa imelala tu."

Nikakumbuka kisa cha utotoni. Jirani yetu, mama wa Kiislamu, alikuwa akienda Lamu kumuuguza dada yake. Alikuja jioni na bangili zake za dhahabu, amezifunga ndani ya kipande cha kanga fundo mbili. "Dada, nakuwekea amana," akasema, na mama akazitia chini ya sanduku la nguo. Mwaka huo baba alikaa miezi mitatu bila mshahara. Zipo siku tulikunywa uji wa chumvi, na dhahabu imo humo humo chumbani, hatua tatu kutoka mekoni. Jirani aliporudi, fundo zilikuwa vilevile alivyozifunga. Hata hakulifungua lile furushi mbele yetu. Alilichukua, akakaa, akaomba maji ya kunywa.

Sisi Waswahili lugha imetufundisha jambo ambalo tunalipita kila siku. Imani, amini, mwaminifu na amana ni maneno ya shina moja, tuliyoyapata kwa Waarabu; na ile Amina tunayofungia sala, iliyotoka kwa Waebrania, ni ya ukoo huohuo. Tena mtu wa Pwani akikwambia "mwonee imani" hakutumi ukasadiki kitu. Anakuomba umhurumie mwenzio. Katika maneno yote hayo sikuona hata moja linalomaanisha kujikaza.

Paulo naye, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo kwamba anamjua yule aliyemwamini, na kwamba aweza kukilinda "kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile". Mistari miwili mbele anamwambia Timotheo ailinde ile amana nzuri aliyopewa. Basi ni amana pande mbili. Mimi nimeweka maisha yangu kwa Mungu, naye ameweka vitu kwangu: mke, watoto, jina la baba yangu, kodi ya mwenye nyumba.

Anayedhani imani hupimwa kwa majibu avuke daraja aende Nyali, kwenye kaburi la Rosine Krapf. Alifika Mombasa na mumewe, mmisionari Johann Ludwig Krapf, mwaka 1844. Julai ya mwaka huohuo homa ikamuua, na kitoto cha kike alichokuwa amekizaa siku chache tu nyuma kikafa pia. Nani atasema hawakuomba? Krapf alibaki na tafsiri yake ya Biblia kwa Kiswahili, na mwaka 1846 alifungua kituo cha misheni cha Rabai pamoja na mmisionari mwenzake, Rebmann. Na huko nako waliobatizwa miaka ya mwanzo walikuwa wa kuhesabika.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitakwambia hivi. Sadaka toa, lakini toa kilicho chako. Ukiambiwa shaka yako ndiyo imemzuia Mungu, msomee huyo mtu Marko 9:24, ambapo baba wa mtoto mgonjwa analia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza, alimponya mtoto. Na usifiche hali yako. Mimi nilikaa wiki saba namkwepa mwenye nyumba, natoka alfajiri na kurudi usiku. Siku niliyomwendea nikamweleza ukweli, alinifokea, haki yake, kisha akaniachia nilipe kidogo kidogo. Nilimaliza mwezi wa kumi na moja kwa pesa za kubeba abiria kwa tuktuk ya binamu yangu.

Tena tafadhali, usiache dawa ili kuonyesha kwamba unaamini. Mimi nina presha. Kidonge changu nakimeza asubuhi kabla ya kusali, mke wangu chake anakimeza baada ya kusali, na mpaka leo hatujagombana kuhusu nani ana imani zaidi.