Mafuta Huelea Juu ya Maji, Mbona Humiminika Polepole?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Sahare, Tanga. Mafuta ya nazi huelea juu ya maji, kwa hiyo ni mepesi. Mbona basi yakimiminwa hutoka polepole? Tena, oili namba 40 tunayotia kwenye injini ikipata moto huwa majimaji. Je, imeharibika?

JIBU: Ndugu fundi, kuelea na kutiririka havitegemeani. Kuelea huamuliwa na uzito kwa ujazo ule ule: lita ya mafuta ya nazi ina takriban gramu 920, ilhali ya maji ina gramu 1,000. Wepesi wa kutiririka huamuliwa hasa na mnato, yaani ukinzani unaotokea tabaka moja la kimiminika linapoteleza juu ya jingine. Ukiinamisha chupa, tabaka linalogusa kioo hubaki limenata pale pale, linalofuata husogea kidogo, na la katikati ndilo liendalo kasi zaidi. Molekuli za maji ni ndogo na hupishana upesi. Za mafuta ni ndefu, hukwamana na kuvutana, hata mnato wake ukazidi wa maji kwa makumi ya mara.

Oili yako haijaharibika. Joto huziwezesha molekuli kujinasua, na mnato hushuka: oili namba 40 ikifika nyuzijoto 100 husaliwa na kama sehemu moja ya kumi ya mnato iliokuwa nao katika nyuzijoto 40. Namba yenyewe, inayoonyesha daraja la mnato wa oili, hupangwa kwa kuipima katika nyuzijoto 100, si ikiwa baridi koponi, na hata hapo hubaki na mnato wa kutosha kuweka utando mwembamba kati ya shafti na beringi, chuma kisisagane na chuma. Ndiyo maana siiafiki kabisa desturi ya kutia oili yenye mnato mkubwa zaidi ili injini isipige kelele, kwa kuwa oili hiyo huchelewa kupenya njia finyu injini inapowashwa alfajiri. Ufinyu huo si jambo dogo: daktari Mfaransa Poiseuille alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba mrija ukipungua kipenyo kwa nusu, kwa mgandamizo ule ule, hupitisha sehemu moja tu ya kumi na sita.

Kinachostahili kukutia shaka ni oili iliyo majimaji hata injini ikiwa imepoa. Inuse kwenye kijiti cha kupimia. Ikinuka petroli au dizeli, tafuta mafuta hayo yanakovujia na kuchanganyika na oili, kabla hujaimwaga na kutia nyingine.