Kabla hujahama distro, bonyeza Ctrl+H

Debian 12, moja ya distro (mifumo ya kompyuta iliyojengwa kwa Linux), ilipotoka Juni 2023, niliamua kuhama. Kompyuta mpakato ya dukani kwangu, tunapochapa barua za watu, kutoa kopi na kujaza fomu za mtandaoni, ilikuwa na Ubuntu kwa miaka mingi, na sina neno baya nayo. Ndiyo iliyonifundisha Linux. Ila ina RAM ya GB 4 tu, nami nilitaka mfumo mwepesi uliotulia, wenye Xfce (mazingira mepesi ya skrini), ambao toleo lake jipya huja takriban kila baada ya miaka miwili. Tena Ubuntu yenyewe imejengwa juu ya Debian tangu 2004, kwa hiyo amri za apt za kusakinisha programu nilizozizoea zingebaki zilezile. Nikaona ni kama kuhama chumba ndani ya nyumba ileile.

Nikanakili folda za nyaraka, picha na vilivyopakuliwa kwenye flashi, nikafuta diski yote, nikaweka Debian. Jioni nikafungua Thunderbird nisome oda za wateja. Ikaniuliza anwani yangu ya barua pepe, kana kwamba hatujawahi kuonana. Barua za miaka mitatu, ambazo nilikuwa nikizivuta kwa POP na kuzifuta kwenye seva, zilikuwa ndani ya folda iitwayo .thunderbird, na folda yenye nukta mwanzoni mwa jina hujificha. Mwalimu mmoja alinitumia upya orodha yake ya vitabu kwa WhatsApp. Makubaliano mengine ya kazi sikuyapata tena mpaka leo.

Ndiyo maana naanza na Ctrl+H. Fungua folda yako ya nyumbani, bonyeza, usome taratibu kila jina linalojitokeza: .thunderbird, .config, .local, .gnupg, na .ssh kama una seva unayoingia. Usichaguechague. Chukua folda nzima. Diski za nje na flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazitunzi ruhusa za faili, kwa hiyo fungasha kila kitu kwanza kwa amri ya tar, kiwe faili moja. FAT32 haipokei faili moja iliyofika GB 4, basi kama mzigo wako ni mkubwa tumia exFAT. Kisha fungua mzigo huo kwenye kompyuta nyingine uone kweli unafunguka. Hapo ndipo ufute.

Firefox ina mtego wake. Kwenye Ubuntu 22.04 inakuja kama snap (aina ya kifurushi cha programu cha Ubuntu), hivyo data zake ziko ndani ya folda ya snap, siyo .mozilla ya zamani. Debian nayo hutoa Firefox ESR, ambayo kwa kawaida iko nyuma kitoleo, na Firefox hukataa kufungua wasifu (folda ya data zako) uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi. Hamisha alamisho kwenye faili, nywila kwenye CSV (faili ya maandishi ya kawaida), uziingize upya ukifika. Halafu ifute ile CSV siku hiyohiyo, maana nywila zako zimo humo wazi kabisa, yeyote anaweza kuzisoma.

Wakati wa kuweka Debian utaulizwa nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Ukiiandika, mtumiaji wako hatapewa sudo (ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi), na amri ya kwanza utakayojaribu itakataliwa. Acha nafasi hiyo tupu, sudo itakuja yenyewe. Kama umeshaiandika, usianze upya: ingia kwa su -, andika usermod -aG sudo likifuatiwa na jina lako, toka kisha uingie tena.

Kuhusu Wi-Fi, Debian 12 ndiyo ya kwanza kubeba firmware (programu ndogo zinazoendesha vifaa) zisizo huria ndani ya kisakinishi chake rasmi, kwa hiyo hali ni nafuu kuliko zamani. Bado zipo chipu zinazogoma. Jaribu mfumo ukiwa kwenye flashi kabla ya kusakinisha: Wi-Fi, sauti, printa, na kama kompyuta inaamka ukifunika na kufunua. Wi-Fi ikigoma, chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, kompyuta itapata mtandao papo hapo. Waya huo umeniokoa mara nyingi.

Wenye bando dogo, pakueni faili ya Debian kwa amri ya wget -c ili mtandao ukikatika muendelee mlipoishia, kisha mlinganishe sha256sum kuhakikisha faili imefika nzima. Faili ya netinst (kisakinishi kidogo) ni chini ya GB 1, lakini itavuta mengine wakati wa kusakinisha.

Safari hii /home yangu, penye folda yangu ya nyumbani, ina patisheni yake, yaani sehemu yake ya diski. Nikihama tena nitafuta mfumo tu, faili nitaziacha palepale. Na nitafanya kazi hiyo Jumamosi baada ya kufunga duka, betri ikiwa imejaa, siyo wiki ambayo watu wamepanga foleni kujaza fomu za vyuo.