Kompyuta yalia, skrini nyeusi

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Nina duka la kupiga chapa na kutoa kopi hapa Likoni. Kompyuta yangu ni ya mezani, niliinunua mtumba. Tangu mvua za Mei, nikiiwasha asubuhi pangaboi lazunguka na taa yawaka, lakini skrini ni nyeusi. Yatoa mlio mrefu, yanyamaza, kisha yalia tena. Siku nyengine nikizima na kuwasha hukubali, ila saa yake huwa imerudi nyuma miaka mingi na kurasa za intaneti hukataa kufunguka. Jana imegoma kabisa. Fundi wa mtaani ataka kupiga Windows upya. Ndani mna mitihani ya madrasa, hesabu za duka na picha za marehemu babangu. Nifanyeje?
Dada wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, dadangu. Kabla ya lolote, usikubali Windows ipigwe upya. Kazi hiyo yaweza kufuta picha za mzee, na ugonjwa ubaki pale pale.

Ukibonyeza kitufe, pawasapulai, kile kisanduku kinachopokea waya wa ukutani, hugeuza stima ya volti 240 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kisha bayosi, programu ndogo inayokaa kwenye madabodi (ubao mkuu wa ndani), hukagua ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda, na skrini. Ikiridhika ndipo huenda kwenye diski, zinamokaa Windows na faili zako, kuitafuta Windows. Mashine yako inakwama kwenye ukaguzi huo. Diski haijaguswa, na kwa dalili ulizonieleza sioni sababu ya kuishuku.

Mlio mrefu unaojirudia, kwa kompyuta nyingi, ni kilio cha ramu. Kila kampuni ina milio yake, kwa hivyo linganisha na kitabu cha mashine yako. Lakini mimi ningeanzia hapo, hasa kwa sisi wa pwani. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na meno ya ramu hushika utando unaozuia umeme kupita vizuri.

Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 umeme uliobaki uishe. Fungua kasha, upige picha kwa simu ili ujue kila kitu kilikaa wapi. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote, maana umeme wa mwilini waweza kuua ramu. Sukuma vishikizo vya pembeni, itoe, usugue meno yake ya rangi ya dhahabu polepole kwa raba nyeupe ya shuleni, kisha upanguse kwa kitambaa kikavu. Usiipulize kwa mdomo. Mate ni unyevu mwengine. Unapoirudisha, pengo lake lilingane na kinundu cha ndani ya tundu, na usukume mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na ubadilishe matundu. Hapa usiwe na haraka, kwani ramu iliyokaa upande hulia vile vile.

Saa ni jambo jengine. Betri ya duara iliyo kwenye madabodi, mara nyingi CR2032 ya volti 3, imechoka. Ukizima stima ukutani jioni, ndiyo pekee inayoiendesha saa usiku kucha. Weka mpya, upande wa jumlisha juu kama ulivyoikuta, kisha urekebishe tarehe. Kurasa nyingi za intaneti zina vyeti vya usalama vyenye tarehe. Saa ikiwa ya zamani, vyeti hivyo hukataliwa. Lakini usitarajie betri peke yake iondoe mlio ule.

Pawasapulai usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Ndani hubaki umeme unaoweza kukudhuru vibaya.

Ikiwa bado yagoma, mpe fundi, lakini diski itoe wewe kwanza ukae nayo. Hiyo ramu na madabodi atazipima bila diski. Mashine ikipona, kabla hujachapa hata ukurasa mmoja, nakili picha na mitihani kwenye diski ya nje. Na ikikataa hata kwa ramu moja moja, niandikie tena unieleze mlio umebadilika vipi: ni mingapi, mirefu au mifupi, au kimya kitupu.