Kuendelea kuomba si kukosa kujisalimisha

Dada, pole sana. Unauliza kama kuomba upate mtoto kwa miaka 6 ni kushindana na Mungu. Hapana. Gethsemane Yesu aliomba mara 3, maneno yaleyale, kikombe, yaani mateso yake, kimwepuke, huku akimwachia Baba mapenzi yake (Mathayo 26:36-44). Yote mawili katika ombi moja!

Mimi niliombea jambo langu miaka 4. Usingizi ulirudi nilipoacha kumpangia Mungu tarehe, ombi sikuliacha. Jaribu hivyo, na mwambie hata hasira yako. Hana wa kwenye Biblia, aliyetamani mtoto, naye alilia machozi hekaluni.

Nendeni hospitali wote wawili, mume pia apimwe. Anayekuambia uache dawa, au anayedai pesa ili akuombee, mkimbie. Ukikosa raha ya kuishi, usikae peke yako: mwone daktari mapema.