Barua kwa mwanangu: ng'ombe hajui Sabato

Mwanangu,

Umeniuliza Wayahudi washika dini waliwezaje kuanzisha kijiji cha kilimo, ilhali Sabato hawafanyi kazi na kila mwaka wa saba Torati inataka shamba lilale. Chukua Tirat Zvi, kibutzi (kijiji cha ujamaa cha Wayahudi) cha Juni 1937 katika bonde la Beit She'an, Palestina ya enzi za Waingereza, kiasi cha mita 220 chini ya usawa wa bahari.

Kujenga kulikwisha upesi. Huo ulikuwa mtindo wa "mnara na boma": kuta za mbao mbilimbili, katikati kokoto, mnara wenye taa kali, yote kwa siku moja. Hawakwenda familia mojamoja, kwani sala ya pamoja inataka wanaume kumi, kuanzia miaka 13.

Kalenda ndiyo iliyobana. Mwaka wa saba uliingia Septemba ileile! Vibutzi vya dini hufuata ruhusa iliyoanza kutumika 1889: ardhi huuzwa kwa mkataba kwa asiye Myahudi, ili mwaka huo isihesabiwe ya Myahudi, kisha hurudi. Marabi (wanazuoni wa dini ya Kiyahudi) wengine wanaikataa mpaka leo, wakiiona ni hila. Sishangai, ila kijiji kichanga kisichovuna hakikai.

Ng'ombe je? Kukamua kunahesabiwa kama kupura nafaka, kwa hiyo ni mwiko siku ya Sabato. Usipokamua, kiwele kinajaa, mnyama anaumia, na ugonjwa wa kiwele hauko mbali. Kumtesa mnyama nako ni dhambi. Zamani walikamulia chini, maziwa yapotee yasihesabiwe mavuno, hasara tupu. Ikaja mashine yenye saa, inayotegwa Ijumaa kabla jua halijazama. Mkamuaji anavisha chuchu vikombe mashine ikiwa imezimwa. Saa ikifika, inajiwasha. Lakini bila mvuto wa pampu vikombe vinadondoka, basi wengine huvivisha mashine ikivuta, maziwa ya mwanzo yakimwagika, ndipo yanageuziwa tangini.

Kwenye miti, hesabu ni ya miaka. Matunda ya miaka mitatu ya kwanza hayaliwi wala hayauzwi; ya mwaka wa nne yana taratibu zake kabla ya kuliwa. Mche ukihamishwa mizizi mitupu, hesabu inaanza upya. Ukibebwa na bonge la udongo linalotosha kuulisha, miaka yake inaendelea. Kwa hiyo ukiona mtu kitaluni anakumbatia bonge la udongo kama yai, ujue anabeba miaka.

Mama yako