Mahakama ya London na gesi ya Cabo Delgado

SWALI: Nimesikia kwamba serikali ya Uingereza ilishtakiwa kwao kwa sababu ya kuufadhili mradi wa gesi wa Cabo Delgado, kwa majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Je, mahakama ya London ina mamlaka gani juu ya gesi ya Msumbiji, na kwa nini walalamikaji walishindwa? Msomaji, Mtwara.

JIBU: Juu ya gesi yenyewe haina mamlaka, wala haikuombwa kuwa nayo. Kilichopelekwa mbele yake ni uamuzi wa mwaka 2020 wa UK Export Finance, idara ya serikali inayokopesha na kudhamini mikopo ili kampuni za Uingereza zipate kazi nje, wa kuuchangia mradi unaoongozwa na kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies kwa kiasi kisichozidi dola bilioni 1.15. Shirika la mazingira la Friends of the Earth liliomba mapitio ya mahakama, yaani majaji wachunguze kama uamuzi huo ulifuata sheria, likidai kwamba idara ilikosea kuona ufadhili huo unapatana na Mkataba wa Paris, makubaliano ya mataifa ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi, ilhali haikukadiria kwa tarakimu hewa ukaa itakayotoka wanunuzi watakapoichoma gesi hiyo, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya madhara.

Kwa maoni yangu hoja hiyo haikuwa dhaifu. Machi 2022 majaji wawili wa Mahakama Kuu waligawanyika, jambo la nadra: mmoja alikubaliana na walalamikaji, mwenzake akakataa, na dai likaanguka kwa kukosa wingi. Januari 2023 Mahakama ya Rufani ililikataa pia. Kwa kuwa mkataba huo haujaingizwa katika sheria za ndani za Uingereza, majaji hawakuuliza kama serikali iliuelewa sawasawa, bali kama tafsiri yake ilikuwa na mashiko kiasi cha kuweza kutetewa; na kizingiti hicho, serikali yenye wanasheria makini haipati taabu kukivuka.

Marekani ilikuwa tofauti, kwa sababu huko walalamikaji walisimama juu ya sheria ya nchi inayodai tathmini ya mazingira: kesi iliyofunguliwa mwaka 2002 dhidi ya taasisi mbili za serikali zinazofadhili miradi ya nje iliishia kwa maafikiano mwaka 2009, nazo zikakubali kuizingatia hewa ukaa katika maamuzi yao.

Mradi wa Msumbiji ulikuja kusimamishwa na vita, baada ya waasi kuushambulia mji wa Palma, jirani na mradi, Machi 2021. Desemba 2025 Uingereza ilitangaza kujitoa katika ufadhili huo, kwa hiari ya serikali na si kwa amri ya jaji.