F4 tu, teminali ifunguke pale pale ulipo

Juzi kijana mmoja wa Likoni alipita dukani, akanitazama nikifanya kazi, na usiku akanitumia ujumbe: "Kaka, mbona teminali yako yafunguka ndani ya folda yenyewe?" Nilifurahi. Bosi wangu wa zamani hapa hapa Mombasa hakuwahi kuuliza. Alikuwa akipita nyuma ya kiti changu akisema teminali, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, ni mchezo wa kupoteza wakati. Maneno yale bado yaniuma, na leo kazi zake nyingine zaletwa kwangu.

Mimi hushughulika na picha za harusi. Flashi huja na folda ndani ya folda, zenye majina kama "Kupamba Ijumaa usiku". Andika cd, amri ya kuingia folda, na jina hilo bila alama za kunukuu, na Bash, programu inayosoma amri ndani ya teminali, itakataa, kwani kila nafasi huihesabu kuwa mwanzo wa neno jipya. Tena napunguza picha kwa mogrify, amri ya programu ya picha ya ImageMagick, ambayo huandika juu ya faili asili. Ukiwa kwenye folda siyo, umeharibu picha za watu, na harusi hairudiwi.

Basi kwa Ubuntu 24.04, mfumo wa Linux, fanya hivi ili F4 ifungue teminali ndani ya folda uliyo. Ndani ya ~/.local/share/nautilus/scripts (~ ni folda yako ya nyumbani) tengeneza faili, uiite Teminali, yenye mistari miwili:

#!/bin/bash
gnome-terminal --working-directory="$PWD"

Zile alama za kunukuu usiziache; ndizo zinazobeba majina yenye nafasi. Ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x. Kisha kwenye faili ~/.config/nautilus/scripts-accels andika mstari mmoja:

F4 Teminali

Jina lilingane na la faili, herufi kwa herufi. Funga Nautilus, programu ya Ubuntu ya kufungulia folda, kwa amri nautilus -q, ifungue tena, ingia folda yoyote, bonyeza F4.

Ndugu zangu, sote twataka kazi ya mikono yetu iheshimiwe. Heshima hiyo haiji kwa kompyuta ya bei kubwa. Yaja kwa kukijua chombo ulicho nacho, na kukipanga kikufuate wewe. Ukiona jambo unalirudia kila siku, lipe kitufe. Usingoje bosi akuruhusu, wala usijibizane na anayekucheka. Wewe maliza kazi mapema, mteja atajua aende wapi.

Wanaotumia Dolphin, programu ya folda ya KDE kwenye Linux, hawana haja ya haya yote: Shift+F4 ya kufungua teminali tayari ipo, na F4 peke yake hufungua teminali chini ya dirisha lile lile. PCManFM, programu nyingine ya folda ya Linux, nayo ina F4 yake. Na wa Windows, andika cmd kwenye upau wa anwani wa folda, bonyeza Enter. Kijana wa Likoni, yako ni Ubuntu, kwa hiyo anza na ile faili ya mistari miwili.